Watu Ni Wale Wale: Somo Katika Kusimamia Kazi

Miongoni mwa maneno yaliyozoeleka katika vinywa vyetu, matajiri na maskini, ni neno hili: "Watu wetu hawafanyi kazi." Mwenye duka hulisema, mwenye magari ya abiria hulisema, na mwenyekiti wa kamati ya madrasa hulisema. Wageni nao hulisema juu yetu sisi watu wa pwani, nasi tukakasirika na kuona kuwa tumetukanwa. Khalafu twarudi katika mabaraza yetu, tukalisema neno lilo hilo juu ya vijana wetu wenyewe, wala hapana anayekasirika.

Neno hili ni zito kuliko tunavyodhani. Kijana huambiwa kuwa ni mvivu kabla hajajaribiwa, akanyimwa kazi ambayo angeiweza, na mwenye kunyimwa kila siku mwisho huwa kama alivyoambiwa. Na msimamizi naye hudhurika, kwani aliyekwisha hukumu kuwa watu wake ni wavivu huona hana haja tena ya kuitazama nafsi yake. Kila kinachoharibika mkononi mwake amekwisha kiwekea udhuru tangu zamani.

Kwa hivyo twataka katika somo hili kulitia neno hili katika mizani. Na mizani tuliyoichagua ni khabari ya kiwanda kimoja cha magari katika Marekani, iliyochunguzwa na wataalamu na kuandikwa kwa hesabu zake. Tumeichagua kwa sababu moja: hapo watu walibaki wale wale, na jengo likabaki lile lile, ikabadilishwa namna ya kuwaongoza. Basi msomaji na atazame mwenyewe, khalafu ahukumu.

KIWANDA CHA FREMONT

Mji wa Fremont uko katika jimbo la California. Hapo kampuni ya General Motors, ambayo zama hizo ilikuwa kubwa kuliko makampuni yote ya magari duniani, ilikuwa na kiwanda kilichofunguliwa mapema katika miaka ya 1960. Kiwanda hicho kilikuwa na sifa mbaya, na wakubwa wa kampuni wakiwahesabu watu wake kuwa ni katika wafanyi kazi wabaya kuliko wote waliokuwa nao.

Na sifa hiyo haikuzuka bure. Katika kila watu 100, watu 20 huenda wasionekane kazini kwa siku moja. Miongoni mwa waliokuja, walikuwako waliokunywa ulevi humo humo kazini. Malalamiko baina ya chama cha wafanyi kazi na wakubwa yalirundikana kwa maelfu bila ya kuamuliwa, na migomo ilizuka bila ya ruhusa ya chama chenyewe. Wako hata waliokuwa wakiyaharibu magari kwa makusudi ili kuwatia hasara waliowaajiri. Mwisho, mwaka 1982, General Motors ikakifunga kiwanda, na maelfu ya watu wakapoteza riziki zao.

Lau tungeliuliza siku ile, "Kosa ni la nani?" jibu lingelikuwa jepesi: ni la wafanyi kazi. Nasi hatusemi kuwa hawakuwa na makosa. Mwenye kulewa kazini amekosa, na mwenye kuharibu mali ya watu amekosa zaidi. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo aliyesimama nje hakuliona.

Katika kiwanda kama hiki gari huundwa hali ya kuwa linakwenda polepole katika mstari mmoja mrefu. Mtu husimama mahali pake. Gari likamfikia, akatia kipande chake, likapita, likaja jingine. Na Fremont ilikuwako kanuni moja iliyokuwa juu ya kanuni zote: mstari hausimamishwi. Mfanyi kazi akiona kuwa gari limetiwa kipande kisicho chake, au kwamba parafujo haikukaza, hana amri ya kusimamisha. Gari litakwenda na ila yake mpaka mwisho, likifunikwa na vipande vingine juu yake, khalafu lipelekwe uwanjani likafunguliwe na kutengenezwa upya. Kila mwenye akili ajua kuwa kukifungua kitu kilichokwisha fungwa ni taabu na gharama kuliko kukifunga vizuri mara ya kwanza.

Sasa mtazame mtu huyo. Kila siku alifundishwa kwa vitendo kwamba mikono yake ndiyo itakiwayo, na kwamba macho yake na akili yake hayana kazi mahali pale. Mtu huyu akiacha kutazama, na akaacha kujali, ni nani aliyemfundisha?

WALIPOKUJA WAJAPANI

Mwaka 1983 General Motors ilipatana na kampuni ya Toyota ya Japani kukifungua tena kiwanda kile kwa shirika. Kila mmoja alikuwa na haja yake. Toyota ilitaka kujua kama namna yake ya kazi yaweza kusimama katika nchi ya kigeni, na General Motors ilitaka kujifunza namna ya kuunda magari madogo yaliyo mazuri. Shirika hili likaitwa NUMMI, na uendeshaji wa kazi ukawekwa mikononi mwa watu wa Toyota. Rais wake wa kwanza alikuwa Tatsuro Toyoda, mtoto wa Kiichiro Toyoda aliyeiasisi kampuni yao.

Ikawa sasa kutafuta wafanyi kazi. Na hapa ndipo penye ajabu, kwani kiasi cha watu 85 katika kila 100 wa wafanyi kazi wa mwanzo walitoka katika kiwanda kile kile kilichofungwa. Chama chao nacho kikabaki ni kile kile. Kabla ya kazi kuanza, mamia ya waliochaguliwa kuongoza wenzao walipelekwa Japani, katika kiwanda cha Takaoka, wakakaa majuma kadha wakifanya kazi bega kwa bega na Wajapani. Mwezi wa Disemba mwaka 1984 kiwanda kikaanza kutoa magari.

Matokeo yake yaliwashangaza watu wengi. Wale waliokuwa wakikosekana 20 katika kila 100 wakawa hawakosekani illa kiasi cha 2. Wataalamu wa chuo kikuu cha MIT walipima kazi ya kuunda gari moja katika viwanda mbali mbali baina ya mwaka 1986 na 1987. Katika kiwanda kimoja cha General Motors kilichoko Framingham, kilichokuwa kikiendeshwa kwa namna ya zamani, gari moja lilichukua saa 31 za kazi. Takaoka, saa 16. Na NUMMI, saa 19. Na walipohesabu ila katika kila magari 100, NUMMI walikuta 45, sawa sawa na Takaoka kwenyewe. Ama Framingham zilipita 100.

Pengine msomaji atasema, "Hapana shaka waliletewa mashini mpya." La. Katika miaka ile ile General Motors ilitumia mabilioni ya dola kununua mashini za kujiendesha kwa ajili ya viwanda vyake vingine, na haikupata matokeo kama haya. Kiwanda cha NUMMI hakikutegemea mashini za ajabu. Basi na tuulize: ni nini kilichobadilika?

JAMBO LA KWANZA: KAMBA

Juu ya kila mfanyi kazi ilitandikwa kamba. Mtu akiona ila, au akishindwa kumaliza kazi yake kwa wakati, huivuta. Taa ikawaka na muziki ukalia, na mkuu wa kikosi chake akamjia hapo hapo. Jambo likitengenezeka kabla gari halijafika kwenye alama iliyowekwa, mstari huendelea. Lisipotengenezeka, mstari mzima husimama mpaka lipatiwe dawa. Mtu yule yule ambaye jana hakuwa na ruhusa ya kusema, leo amepewa amri ya kusimamisha kiwanda.

Asili ya jambo hili ni ya zamani. Sakichi Toyoda, babu yake Tatsuro, alikuwa mvumbuzi wa mitambo ya kufumia nguo. Alitengeneza mtambo ambao uzi mmoja ukikatika husimama wenyewe, usiendelee kufuma nguo mbovu. Na ule uliokamilika kuliko yote ulitoka mwaka 1924. Watoto wake walipoingia katika kazi ya magari waliichukua fikira ile ile: kosa na lijulikane pale lilipozaliwa, wala lisiachwe likakua.

Lakini siri haikuwa katika kamba; ilikuwa katika neno analosema mkuu anapofika. Wamarekani waliokwenda Japani wamesimulia kuwa lililowagusa nyoyo zao ni hili: mtu alipopata taabu, mkuu wake alikuja mbio kumwuliza amsaidie vipi, wala hakuja kumwuliza kosa ni la nani. Wako waliokuwa na miaka mingi katika kazi ya magari na hawajapata kuulizwa swali hilo hata mara moja.

Na sisi je? Kijana wa dukani akimwambia tajiri wake, "Mzee, mizani hii yapunja," hujibiwa, "Wewe umekuja kufanya kazi au umekuja kunifundisha?" Amevuta kamba, akapigwa mkono. Siku ya pili ataiona ila nyingine na atanyamaza. Na siku hasara itakapotokea, tajiri atasema, "Mwajua nyinyi, watu wetu hawana uaminifu."

Wallahi jambo hili si geni kwetu. Wamesimulia wenye kuandika sira kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliposhuka mahali fulani kabla ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, alijiwa na sahaba wake Hubab bin al-Mundhir, akamwuliza kama mahali pale amepachagua kwa wahyi au kwa rai. Alipojua kuwa ni rai, alisema kuwa hapafai, na akashauri waendelee mpaka kisima kilicho karibu zaidi na adui. Mtume aliikubali rai yake, na jeshi likahama. Ikiwa aliyeteremshiwa wahyi alisimamisha msafara kwa neno la mmoja katika watu wake, mwenye duka ni nani hata asiambiwe kuwa mizani yake yapunja?

JAMBO LA PILI: MKUU ALIYE KARIBU

Wafanyi kazi waligawanywa katika vikosi vidogo vidogo, na kila kikosi kikapewa mkuu aliye mmoja wao. Huyu hakuwa mnyapara wa kusimama na kidaftari akiandika waliochelewa. Aliijua kazi ya kila mtu katika kikosi chake. Mmoja akiumwa, yeye ndiye aliyeshika mahali pake. Mgeni akija, yeye ndiye aliyemfundisha. Mtu anayeongoza watu kidogo aweza kuwajua. Amwona aliyeamka na homa, na aliye na mauguzi nyumbani, kabla kazi haijaharibika.

Zikaondolewa pia alama za utukufu. Wakubwa na wadogo walikula katika ukumbi mmoja, na hapakuwekwa mahali pa kusimamishia magari palipohusiwa wakubwa peke yao. Msomaji asiyadharau mambo haya. Mtu huyasikia maneno ya mkubwa wake kwa masikio, lakini huyasadiki kwa macho. Ukimwambia, "Sisi hapa ni jamaa moja," ilhali wewe wala penye kivuli naye yuko juani, macho yake yatamwambia kweli.

Ilipochimbwa khandaki ya Madina mwaka wa 5 wa Hijra, fikira ya kuchimba ilitoka kwa Salman al-Farisi, mtu mgeni aliyekuwa ametoka katika utumwa. Mtume aliikubali, akaigawa kazi kwa makundi, kila kundi na kipande chake, na yeye mwenyewe akachimba na kubeba mchanga pamoja nao hali ana njaa kama wao. Mambo matatu yamo humo: fikira imesikilizwa bila ya kutazamwa nasabu ya aliyeitoa, kazi imegawanywa kila mtu akajua mpaka wake, na mkubwa yumo ndani ya kazi. Hayo ndiyo wenzetu waliyoyatimiza katika kuunda magari, na sisi twayasoma kila mwaka katika maulidi tukayafunga pamoja na kitabu.

JAMBO LA TATU: SAA MKONONI MWA MFANYI KAZI

Katika kiwanda cha zamani, walioamua kazi ifanyweje na kwa muda gani walikuwa mabwana wa ofisini. Huja na saa zao, wakampima mtu, wakaandika, wakaondoka. Mfanyi kazi naye, akijua kuwa anapimwa, hufanya polepole, na wakishaondoka hufanya apendavyo. Kila upande ukimhadaa mwenziwe, na kazi ndiyo iliyopotea.

NUMMI saa ilitiwa mikononi mwa wafanyi kazi wenyewe. Kikosi kilikaa kikapima hatua za kazi yake, kikachagua njia iliyo nyepesi na salama zaidi, kikaiandika. Na kila mmoja akaifuata mpaka itakapopatikana iliyo bora kuliko hiyo. Mtu huiheshimu kanuni aliyoshiriki kuiandika.

Tena walifundishwa kulifuata kosa mpaka kwenye mzizi wake, kwa kuuliza "kwa nini" mara tano. Na tutoe mfano wa kwetu. Mashini ya maji ya msikiti imeungua. Kwa nini? Kwa sababu ilikwenda bila ya maji. Kwa nini? Kwa sababu birika la chini lilikuwa tupu. Kwa nini? Kwa sababu mifereji huvuja usiku kucha. Kwa nini? Kwa sababu mipira yake imekwisha na haikubadilishwa. Kwa nini? Kwa sababu khadimu hana ruhusa ya kutumia hata shilingi 100 mpaka kamati ikutane, na kamati hukutana mara moja katika miezi mitatu.

Sisi desturi yetu ni kusimama kwenye swali la kwanza. Humkaripia khadimu, pengine tukamkata mshahara wake, tukachangisha watu tukanunua mashini mpya. Na baada ya miezi sita ikaungua tena. Khadimu ni yule yule, na mifereji ni ile ile, na kosa limekaa pale pale kwenye kamati, ambapo hapana aliyethubutu kulitafuta.

JAMBO LA NNE: DHAMANA

Mwenye kutaka watu wamwonyeshe namna ya kufanya kazi kwa haraka na kwa mikono michache, hapana budi awape amani juu ya riziki zao. Kwani mtu hatakuonyesha kuwa kazi ya watu watano yaweza kufanywa na wanne, ikiwa ajua kuwa wa tano atakayefukuzwa ni yeye.

Katika mapatano ya mwaka 1985 baina ya NUMMI na chama cha wafanyi kazi iliandikwa kuwa kampuni haitawaondoa watu illa mambo yakiwa mazito hata kuhofiwa kampuni yenyewe, na kwamba kabla ya hapo itapunguzwa kwanza mishahara ya wakubwa. Ahadi hii ilikuja ikajaribiwa. Kufikia mwaka 1988 gari waliloliunda halikuwa likinunuliwa vya kutosha, na kazi ikapungua sana. Hapana aliyeondolewa. Waliokosa kazi ya kuunda walitiwa katika mafunzo na katika kutengeneza namna za kazi. Tangu siku hiyo ahadi haikuwa wino tena. Watu walikuwa wameiona.

WALIOIIGA KAMBA

Hapa yafaa tutaje khabari ambayo ni zingatio kwetu, sisi tunaopenda kuiga mambo kwa sura yake. General Motors ilitaka kuichukua namna ya NUMMI katika viwanda vyake vingine, na mlango ulikuwa wazi kwao, hawakufichwa kitu. Imesimuliwa kuwa mmoja katika wakubwa wake aliamuru kipigwe picha kila kipande cha kiwanda kile, ili cha kwake kifananizwe nacho. Walijaribu pia Van Nuys, katika jimbo lilo hilo la California, lakini hawakufaulu, na kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1992.

Kwa nini? Kwa sababu kamba yaweza kupigwa picha, na imani ya mkubwa kwa mdogo wake haipigwi picha. Msimamizi aliyelelewa miaka 20 katika kanuni ya "mstari hausimamishwi," moyo wake humruka kila kamba ivutwapo, na uso wake hukunjana. Na mfanyi kazi akiuona uso huo mara mbili hataivuta mara ya tatu. Kadhalika sisi twaweza kutundika ukutani sanduku la maoni, tukafanya mkutano kila mwezi na kuuita wa mashauriano, na ikiwa atakayesema kweli ataonekana ni adui, tumetundika kamba isiyofungwa na kitu.

MAJIBU YA WENYE KUPINGA

Atasema msemaji, "Haya ni kuwadekeza watu." La. Mwenye kuchunguza kazi za Fremont na za NUMMI amekuta kuwa katika kila dakika moja, mtu wa zamani alikuwa akifanya kazi kiasi cha sekunde 45, na yule wa NUMMI karibu sekunde 57. Kazi haikuwa nyepesi. Wako hata waliolalamika kuwa mwendo ni mkali na miili yao yaumia, na malalamiko hayo yalikuwa na haki ya kusikilizwa. Na aliyekosekana kazini mara kwa mara bila ya udhuru hakuachwa. Uongozi mwema haukuondoa nidhamu. Umeipa sababu ambayo mtu aweza kuikubali.

Na atasema mwingine, "Hayo ni ya viwanda vya maelfu ya watu, mimi nina vijana watatu tu." Basi wewe umekwisha kuwa mkuu wa kikosi kidogo, wala huna haja ya taa wala muziki. Wayasikia maneno yao bila ya kamba, lau utataka kusikia.

Na atasema wa tatu, "Mbona kiwanda chenyewe kimefungwa?" Ni kweli. General Motors ilifilisika mwaka 2009, ikajitoa katika shirika. Toyota nayo ikaamua kutoendelea peke yake, na kiwanda kikafungwa mwezi wa Aprili mwaka 2010, kisha kikanunuliwa na kampuni ya Tesla. Lakini kilifungwa baada ya miaka 25 ya kazi, na magari karibu milioni 8 yaliyotoka humo. Haikufungwa kwa uvivu wa watu wake. Na miaka hiyo 25 yatosha kuwa ushahidi juu ya wale waliosema mwaka 1982 kuwa watu wa Fremont hawafai kitu.

TUFANYE NINI?

Enyi ndugu zetu, uongozi ni amana, na kila mmoja wetu ni mchunga wa kitu: mwenye duka kwa vijana wake, mwalimu kwa madrasa yake, nahodha kwa mabaharia wake, na bibi wa nyumba kwa msaidizi wake wa jikoni. Mchunga ataulizwa juu ya aliowachunga, wala haitakuwa jibu kusema kuwa walikuwa wavivu, mpaka kwanza ajibu yeye aliwaongoza vipi.

Basi mwenye watu chini yake na ayajaribu haya matatu katika juma hili. Kwanza, amwulize kila mmoja wao, peke yake na kwa uso mkunjufu: "Ni kitu gani kinachokuzuia kufanya kazi yako vizuri?" Khalafu anyamaze asikilize, wala asijitetee. Pili, katika atakayoambiwa, achague moja lililo katika uwezo wake, alitengeneze kabla juma halijaisha, ili waone kuwa kamba yao imefungwa na kitu. Tatu, litakapotokea kosa, aizuie hasira yake mpaka awe ameuliza "kwa nini" mara tano. Na akikuta mwisho wake ni mlangoni pake mwenyewe, na aanzie hapo.

Na wewe kijana unayefanya kazi chini ya mtu, somo hili si silaha ya kumpigia tajiri wako. Watu wa Fremont walipopewa kamba waliivuta kwa haki, na saa walipopewa waliipima kweli. Kuwa wa kuaminiwa kabla hujaaminiwa, na useme uonalo kwa adabu. Atakayekupuuza, makosa yatakuwa yake.

Kisha, tutakaposikia tena barazani neno lile kwamba watu wetu hawafanyi kazi, tusinyamaze. Tumwulize msemaji: "Wewe waliokuwa chini yako, siku walipovuta kamba, uliwajia na neno gani?"

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona aibu zetu kabla ya za wenzetu, na atuwafikishe katika kuzitimiza amana. Amin.